Maswali ya Forodhani

Siku utakayojaliwa kufika Mombasa, msomaji wangu, simama kivukoni Likoni ungoje meli ipite. Itatokea upande wa bahari kuu, polepole, kubwa kama mtaa mzima uliong'oka ukaelea, na feri za kivukoni zitasita ili kuipisha. Tumboni mwake mna ngano, mbolea, magari, nguo na dawa. Pengine mna na karatasi zitakazopigwa chapa vitabu utakavyovisoma mwaka ujao. Utaitazama mpaka ipotelee Kilindini, kwenye kina kirefu kilichopapa mahali hapo jina lake, nawe utadhani kwamba safari yake imekwisha. La, bado haijaisha. Kwa sheria ya bahari, meli haijafika mpaka imeulizwa maswali na kuyajibu.

Insha hii ni habari ya maswali hayo. Twataka kujua ni yapi, yalianza kuulizwa lini, kwa nini karatasi zake zilizidi mpaka zikawa mzigo juu ya mzigo, na jinsi tarakilishi ilivyoletwa kuupunguza mzigo huo. Usidhani kuwa habari hii yawahusu makarani peke yao. Kila kitu kilichotoka ng'ambo kikakufikia mkononi kilipita katika maswali ya forodhani, na muda uliotumika kuyajibu umo ndani ya bei uliyoilipa.

Lugha yetu yenyewe ni shahidi kwamba jambo hili ni la kale. Neno bandari na neno nahodha asili yake ni Kiajemi. Neno forodha limetoka katika Kiarabu, na vivyo hivyo neno ushuru, ambalo maana yake ya kwanza ni sehemu moja ya kumi. Watu hawaazimi neno la kitu wasichokuwa na haja nacho. Babu zetu wa pwani waliyachukua maneno hayo kwa sababu majahazi yaliyosukumwa na kaskazi yalikuwa yakitia nanga mbele ya miji yao kila mwaka, na kila mwaka palikuwa na mtu wa kwenda kuuliza.

Tunaye msafiri aliyeandika alivyoulizwa. Mwaka wa 1331 Ibn Battuta, mwanachuoni wa Morocco, alifika kwa chombo katika mji wa Mogadishu, kabla ya kuendelea kusini hata Mombasa na Kilwa. Asimulia kwamba chombo kilipofika, mashua ya sultani ilikiendea, na waliokuwamo wakauliza: Chombo chatoka wapi? Mwenyewe ni nani? Nahodha wake ni nani? Kimepakia nini? Ndani mna wafanyabiashara gani na watu gani wengine? Majibu yalipokwisha kupatikana, yalipelekwa kwa sultani. Vijana wa mji nao walikwenda na mashua zao, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, wakamkabidhi mfanyabiashara mmoja mmoja kuwa mgeni wao. Tangu hapo mgeni hakuuza wala hakununua ila mbele ya mwenyeji wake, na biashara iliyofanywa kwa siri nyuma ya mwenyeji haikuhesabiwa kuwa halali.

Yatazame vizuri maswali hayo. Ni matano tu, na aliyeyauliza ni mmoja. Mgeni alijibu mara moja, na jibu lake likamfikia kila aliyehusika, kwa kuwa lilifika kwa sultani. Kumbuka pia yule mwenyeji mwenye sahani, kwani ndiye babu wa wakala wa bandarini, yule ajuaye desturi za mji na kumsemea mgeni asiyezijua. Yaweke hayo akilini, maana tutakutana nayo tena baada ya miaka mia saba.

Maswali hayakubaki matano. La sita lililetwa na ugonjwa. Tauni ilipokuwa ikiiangamiza Ulaya, watu waliona kuwa maradhi husafiri pamoja na bidhaa. Mwaka wa 1377 mji wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik katika nchi ya Kroatia, ulitoa amri kwamba watu waliotoka katika miji yenye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku hizo ziliongezwa zikawa 40, na ndipo tulipopata neno karantini, ambalo chanzo chake ni neno la Kiitaliano lenye maana ya arobaini. Hata leo meli iingiapo katika maji ya nchi ngeni hupandisha bendera ya manjano, na maana yake ni kwamba chombo hakina ugonjwa na chaomba ruhusa ya kuchangamana na watu wa pwani.

Swali la saba lilikuwa ni la fedha. Unguja ya karne ya 19 yatuonyesha uzito wake. Sayyid Said alifanya mkataba na Marekani mwaka wa 1833, na mwingine na Uingereza mwaka wa 1839, ambayo iliweka ushuru wa tano katika kila mia ya thamani ya bidhaa. Lakini Sultani hakuukusanya ushuru huo kwa mkono wake. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara wa Kihindi, na aliyesifika zaidi katika hao ni Jairam Shivji. Kila mwaka alimlipa Sultani fedha walizopatana, na kilichozidi kikawa chake. Basi yeye ndiye aliyejua ni chombo gani kimeingia, kimeleta nini na cha thamani gani, na ujuzi huo ulimpa nguvu wasiyokuwa nayo mawaziri. Hapa twajifunza kwamba mwenye kuyashika majibu ya forodhani ameushika mfuko wa nchi. Kwa hiyo maswali haya si ya adabu tu, kama kumjulia mgeni hali. Ni maswali ya utawala.

Ukaja wakati wa meli za moshi na wa reli. Mwaka wa 1896 reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa, na mwaka wa 1901 ikafika Kisumu penye ziwa. Bandari iliyokuwa mlango wa mji ikawa mlango wa nchi kadha wa kadha. Pamoja na shehena zilikuja ofisi. Ofisi ya afya ililishika swali la ugonjwa. Ya uhamiaji ililishika swali la watu. Ya forodha ililishika swali la mali na kodi. Ya bandari ililishika swali la chombo chenyewe, urefu wake, uzito wake na kina cha maji kinachohitajiwa. Kila ofisi ilikuwa na haki ya kuuliza. Kosa lilikuwa kwamba kila moja iliuliza yote, tena katika karatasi yake yenyewe, kana kwamba zile nyingine hazipo.

Hebu fikiri asubuhi moja ya zama hizo za karatasi. Wakala wa meli amebeba mkoba uliojaa. Meli yake ina mabaharia 25. Majina yao yote, na nchi zao, na tarehe zao za kuzaliwa, na vyeo vyao, yamepigwa chapa kwa mashine, na karatasi za kaboni zimepachikwa katikati ili zitoke nakala. Nakala moja ni ya uhamiaji, ya pili ni ya forodha, ya tatu ni ya afya, ya nne ni ya bandari, na bado bandari ya mbele itadai zake. Afisa mmoja aona kuwa herufi moja ya jina imekosewa. Wakala hurudi ofisini kwake, hupiga chapa upya, hugonga mihuri upya, huanza foleni upya. Wakati huo wote meli imesimama, na meli iliyosimama hula fedha usiku na mchana bila ya kufanya kazi.

Hali hiyo ilivumilika maadamu mikono ya makuli nayo ilikwenda polepole. Magunia yalipokuwa yakipakuliwa moja moja kwa siku nyingi, karatasi zilipata nafasi ya kukamilika. Lakini tarehe 26 Aprili 1956 Mmarekani Malcom McLean alisafirisha makontena 58 kwa meli iitwayo Ideal-X kutoka bandari ya Newark kwenda Houston. Kontena lilinyanyuliwa pamoja na vyote vilivyomo, na kazi ya siku ikawa ya saa. Tangu hapo ikaonekana wazi kwamba kilichokuwa kikiichelewesha meli si mzigo tena, bali ni maneno yaliyoandikwa juu ya mzigo.

Mataifa yaliliona jambo hili. Tarehe 9 Aprili 1965 yalikutana London chini ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulika na usafiri wa baharini, ambalo leo huitwa IMO, yakafanya mkataba wa kurahisisha safari za meli. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 5 Machi 1967. Jambo lake kuu lilikuwa kuzuia kila nchi isijitungie karatasi zake ipendavyo. Palikubaliwa fomu chache za namna moja: tamko la jumla la chombo, tamko la shehena, tamko la akiba za melini, tamko la vitu vya mabaharia, orodha ya mabaharia na orodha ya abiria. Zilinganishe fomu hizo na maswali ya Mogadishu, msomaji wangu. Chombo, nahodha, shehena, watu: wale vijana wa mwaka wa 1331 wangalizielewa bila ya mwalimu.

Fomu zikawa namna moja, lakini nakala zilibaki nyingi na ofisi zilibaki nyingi. Dawa ya hilo ilitoka katika tarakilishi. Mwaka wa 1987 Umoja wa Mataifa ulipatana juu ya utaratibu mmoja wa kuandika habari za biashara, ili tarakilishi ya bandari moja ipate kuelewana na ya nyingine, kama vile mabaharia wa mataifa mbalimbali wanavyoelewana kwa bendera. Mwaka wa 1989 nchi ndogo ya Singapore, ambayo riziki yake ni bandari yake, ilianzisha mfumo ulioitwa TradeNet. Mfanyabiashara aliyekuwa akizizungukia ofisi nyingi sasa aliandika maelezo yake mara moja, na mfumo ukayagawa kwa kila ofisi iliyohusika. Kibali kilichokuwa kikichukua siku mbili au zaidi kilianza kutoka kwa dakika chache. Utaratibu wa namna hii ndio uitwao Dirisha Moja.

Maana ya Dirisha Moja yaweza kuelezwa kwa mambo ya shuleni. Siku ulipoingia kidato cha kwanza, pengine uliandika jina lako, kijiji chako na jina la mzazi wako katika karatasi ya mwalimu mkuu, ukayaandika tena kwa mhasibu, tena kwa msimamizi wa mabweni, tena maktabani. Lau shule ingekuwa na daftari moja ambalo wote hao hulisoma, kila mmoja akiona ukurasa unaomhusu tu, ungaliandika mara moja ukaenda zako darasani. Afisa wa afya hana haja ya kujua bei ya magari yaliyomo melini, na afisa wa forodha hana haja ya kujua homa ya baharia; lakini wote wawili wahitaji jina la meli na siku ya kufika kwake. Basi liandikwe mara moja.

Kenya nayo haikukaa kitako. Mwaka wa 2005 forodha yetu ilianza kutumia mfumo ulioitwa Simba, na asili yake yafaa kukumbukwa, kwani haukutoka Ulaya. Ulijengwa juu ya mfumo wa forodha ya Senegal uitwao Gaindé, neno ambalo katika Kiwolof maana yake ni simba. Simba alitoka Afrika ya Magharibi akaja kulinda lango la mashariki. Mwaka wa 2008 Halmashauri ya Bandari ilianza kutumia mfumo wa KWATOS, wa kupanga na kufuatia makontena uwanjani. Mwaka wa 2011 serikali iliunda shirika la KenTrade ili lisimamie Dirisha Moja la taifa. Dirisha hilo lilianza kazi mwaka wa 2013, na likazinduliwa rasmi mwezi wa Mei mwaka wa 2014. Mwaka huo wa 2014 nchi za Afrika ya Mashariki zilianza pia kuufuata utaratibu wa eneo moja la forodha, ambao kwa huo ushuru wa mzigo wa Kampala au wa Kigali hukadiriwa mzigo ungali Mombasa, badala ya kungojea kusimamishwa mpakani.

Huko ulimwenguni, jambo lililokuwa hiari likawa lazima. Tangu tarehe 8 Aprili 2019 nchi zilizo katika mkataba ule wa London zilitakiwa kupokea habari za meli kwa njia ya tarakilishi, na tangu tarehe 1 Januari 2024 zatakiwa ziwe na Dirisha Moja la bahari. Kwa kanuni hii nahodha angali katikati ya bahari aweza kutuma majibu yake yote, na meli ikafika bandarini maswali yakiwa yamekwisha kujibiwa. Ndipo duara linapokamilika. Baada ya karne saba tumerudi mahali alipopaacha sultani wa Mogadishu: swali liulizwe mara moja, na jibu limfikie kila anayehusika.

Huenda ukauliza, Je, kuna faida gani kwangu mimi nisiyekuwa na meli? Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yanayoumia si ya mwenye meli. Kontena likikaa uwanjani, ada ya kukaa kwake huongezeka kila siku. Ada hiyo haibaki bandarini. Hupanda lori pamoja na mzigo, huvuka Malaba, na hushuka katika duka dogo la Uganda, au la Rwanda, au la Sudan Kusini, au la mashariki ya Kongo. Mama anunuaye mafuta ya kupikia hulipa senti chache zaidi, wala hajui kwamba alipa kwa sababu ya muhuri uliochelewa Mombasa. Mkulima angojeaye mbolea hulipa kwa njia nyingine: mvua haimngojei karani.

Pamoja na hayo, kupanda sifa za mashine bila ya kupalilia ila zake si haki. Ila ya kwanza ni kwamba kilichounganishwa pamoja huweza kuanguka pamoja. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu ilizishambulia tarakilishi za kampuni kubwa ya meli ya Maersk ya Denmark. Meli zake hazikuzama, nazo winchi hazikuvunjika. Lakini katika bandari kadhaa za dunia malango yalifungwa na malori yakapanga foleni, kwa kuwa hakuna aliyejua ndani ya kontena gani mna nini. Hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 250 hata 300. Iliripotiwa baadaye kwamba nakala ya kumbukumbu fulani muhimu za mtandao wake ilisalimika katika ofisi moja tu, nayo ni ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko wakati wa shambulio. Ukosefu ambao sisi Waafrika huulalamikia kila siku ndio uliomwokoa tajiri siku ile.

Ila ya pili ni kwamba dirisha huonyesha nje na ndani. Katika bandari ya Antwerp, Ubelgiji, iligunduliwa mwaka wa 2013 kwamba wauza dawa za kulevya walikuwa wamewaajiri wajuzi wa tarakilishi kuingia kwa siri katika mifumo ya bandarini. Walijua kontena lililofichwa dawa zao liko wapi, nao wakatuma lori kulichukua kabla ya mwenyewe kufika. Hawakuvunja ukuta wala kufuli. Walisoma tu majibu yasiyowahusu.

Ila ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, na haimo katika mashine. Tarakilishi hupeleka jibu upesi, lakini haijui kama jibu ni la kweli. Mtu akiandika kwamba kontena la simu ni kontena la sabuni, Dirisha Moja litaupeleka uongo huo kwa kila ofisi kwa dakika moja, umepambwa na umepangwa vizuri. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi, mashine imeirefusha. Katika zama za karatasi uongo ulipaswa kupita mbele ya macho ya watu wengi, na mmoja wao angeweza kutia shaka. Sasa mtu mmoja mwenye uangalifu na ujuzi ana thamani kuliko makarani kumi wa kugonga mihuri. Twasikitika kwa ajili ya wale ambao kazi yao ya kubeba mikoba imepungua, kwani nao wana watoto kama wewe. Lakini kazi ya kuhakikisha ukweli haikupungua, bali imezidi kuwa ngumu, na inataka watu waliosoma.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukisimama tena kivukoni Likoni na meli ikapita, usiitazame kwa macho ya mgeni. Sasa wajua kuwa majibu yake yametangulia mbele yake, yakapita hewani kabla chuma chake hakijapita majini. Na pengine ipo siku ambayo utakuwa wewe uliyeketi mbele ya tarakilishi, melini au forodhani, na maswali yale ya Mogadishu yametandazwa mbele yako: chombo kimetoka wapi, ni cha nani, kimepakia nini, ndani mna nani. Hatakuwapo sultani wa kukutazama usoni, wala kijana mwenye sahani ya chakula. Mtakuwa ninyi wawili tu, wewe na swali. Nchi tano zitakuwa zangojea jibu lako. Liandike la kweli.